Dadu zipi ziwekwe mezani: za kung'arishwa, za kingo kali, za chuma, au vizibo vya soda?

Vijana wanaoanza kucheza michezo ya hadithi mezani hapa Unguja na Pemba mara nyingi hawana duka la jirani la kuingia, kushika dadu mkononi na kuchagua. Unamwagiza mtu anayesafiri, au unanunua mtandaoni na kungoja mzigo uvuke kutoka Dar es Salaam, na kurudisha ni shida. Kwa hivyo ni bora ujue mapema unalipia nini. Jibu langu nalitoa mwanzoni: kundi moja, seti moja ya plastiki ya kawaida, ikae katikati ya meza na itumiwe na kila mtu. Yanayofuata ni sababu zake, na wakati gani ufanye vyengine.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: msimulizi anaeleza mahali na mkasa, kila mchezaji ana mhusika wake, na dadu ndiyo inayoamua kama jambo gumu limefaulu. Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, ndio uliozoesha dunia seti ya dadu za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20. Ya pande 20 ndiyo inayorushwa zaidi. Mhusika akitaka kuruka kutoka paa hadi paa huko Mji Mkongwe, anarusha hiyo. Ikija 20 ni ushindi wa kusimuliwa. Ikija 1, ni aibu au jeraha. Ndiyo maana watu wanagombana juu yake, na ndiyo maana nitaitazama hiyo kuliko nyengine.

Kasoro ni za aina mbili, na hazifanani

Watu husema "dadu hii ina upande" kana kwamba upande ni mmoja tu. Zipo kasoro za umbo na zipo kasoro za uzito, na athari zake mezani ni tofauti kabisa.

Kasoro ya umbo ni pale dadu inapokuwa imebonyea kidogo, yaani nyuso mbili zinazotazamana zimekaribiana kuliko jozi nyengine. Nyuso hizo mbili ndizo zitakazokuja juu mara nyingi zaidi, zote mbili kwa pamoja. Sasa kumbuka jinsi namba zinavyopangwa: kwenye dadu ya pande 6, nyuso zinazotazamana hujumlika 7, na kwenye ya pande 20 hujumlika 21. Kwa hivyo dadu iliyobonyea baina ya 20 na 1 itakupa 20 nyingi na 1 nyingi vilevile. Wastani wake unabaki palepale, 10.5. Hainufaishi mtu. Inaufanya mchezo uwe na maajabu mengi na maafa mengi, basi.

Kasoro ya uzito ni nyengine. Kukiwa na kiputo cha hewa ndani, upande wenye kiputo ni mwepesi na hupenda kuja juu, na hapo pana anayefaidika. Lakini hata hapa watengenezaji wamejikinga kwa mpangilio wa namba. Kwenye dadu ya kawaida ya pande 20, uso wa 20 umepakana na 2, 8 na 14. Upande huo ukiwa mwepesi, majirani nao wanapanda pamoja na mkubwa wao, na wastani wa hizo nne ni 11, nusu tu juu ya wastani halali. Huu ni ufundi ninaoupenda sana: kwa kuzitawanya namba tu, madhara ya plastiki mbovu yamepunguzwa.

Ushahidi wa kasoro zote mbili upo, na wa kwanza ni wa zamani. Mwaka 1894 mwanasayansi Mwingereza, Walter Weldon, aliandika matokeo ya dadu 12 zilizorushwa pamoja mara 26,306, yaani jumla ya dadu 315,672. Tano na sita zilipaswa kuja kwa sehemu 0.3333, zikaja kwa 0.3377. Maelezo yanayokubalika ni kwamba vidoti vyake vilichimbwa, na uso wa sita, uliochimbwa zaidi, ukawa mwepesi kuliko uso wa moja ulio chini yake. Mwaka 1900 mwanatakwimu Mwingereza, Karl Pearson, aliitumia hesabu hiyo alipotoa kipimo cha kai-mraba, yaani hesabu ya kutazama kama matokeo yanaweza kuwa ya bahati tu, ambacho nitakirudia chini. Zaidi ya karne moja baadaye, mwaka 2009, Zacariah Labby wa Chicago akairudia kazi ile kwa mashine na kamera. Yeye akakuta kitu chengine: 1 na 6 zilikuja zaidi, kwa sababu dadu zake zilikuwa fupi kidogo baina ya nyuso hizo mbili.

Tazama ukubwa wa tofauti ya Weldon. Ni ziada ya mara moja hivi katika kila dadu 230. Usiku mmoja wa mchezo hauwezi kuiona.

Za kung'arishwa na za kingo kali

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Dadu za kawaida zinazouzwa kwa seti ya saba (ya pande 10 huja mbili, moja ikiwa ya makumi) hutoka kwenye kalibu zikiwa na alama ya pale plastiki ilipoingilia. Zinapakwa rangi mwili mzima, kisha zinatiwa kwenye pipa linalozunguka pamoja na vitu vya kusugulia. Rangi inabaki ndani ya namba tu, alama inafutika, na kingo zinakuwa laini. Ndiyo sababu ni rahisi na zinang'aa. Tatizo ni kwamba pipa halisugui kwa usawa. Dadu moja inatoka nzima, nyengine imebonyea.

Louis Zocchi, Mmarekani aliyekuwa na kampuni ya GameScience, aliishambulia njia hiyo kwa miaka mingi. Alikuwa akizipanga dadu za pande 20 minara kwa minara, akaonyesha kwamba minara yenye idadi ileile ya dadu haifikii urefu mmoja. Zake hazikutiwa kwenye pipa. Zilitoka na kingo kali na nyuso bapa, na mnunuzi mara nyengine alipaswa kutia rangi kwenye namba mwenyewe.

Je, hoja yake ni sahihi? Kwa umbo, ndiyo. Dadu isiyosuguliwa iko karibu zaidi na umbo lake halali. Lakini ina mambo mawili ambayo muuzaji hatakuambia kwa sauti kubwa. La kwanza, alama ya kalibu inabaki. Ikiwa imevimba kwenye uso mmoja, dadu haitulii vizuri juu ya uso huo, na namba ya upande wa pili inapungua. Isugue kwa msasa laini uliotandazwa juu ya kioo, taratibu, na usimame pindi tu ikiwa sawa, maana ukizidisha umetengeneza bonde badala ya kilima. La pili, kingo kali husimama haraka. Dadu ya kung'arishwa hubiringika mbali na kugeuka mara nyingi, ya kingo kali huteleza hatua mbili ikatulia. Mwenye mkono mzito atafaidi, lakini mwenye tabia ya kuidondosha tu dadu kutoka vidoleni atakuwa hajairusha.

Kwa hivyo chaguo langu liko hivi. Ikiwa unaweza kupata seti moja ya kingo kali na una bakuli au kikombe cha kutikisia, chukua, hasa kwa ile ya pande 20. Kwa fedha kidogo, au kwa meza yenye watoto na wageni, chukua za kung'arishwa bila ya wasiwasi wowote. Upungufu wake mara nyingi ni wa umbo, na nimeshasema kwamba umbo hukaa kwa jozi.

Ukitaka kuzichuja kabla ya kuzitumia, nenda kwa fundi mwenye kalipa, chombo cha kupimia unene. Dadu ya pande 6 ina jozi 3 za kupima, ya pande 8 ina 4, ya pande 12 ina 6, na ya pande 20 ina 10. Jozi moja ikitofautiana na nyengine kiasi cha kuonekana wazi kwenye kipimo, iweke kando. Kwa kulinganisha tu: dadu za kasino, ambazo ni za pande 6 pekee, hutengenezwa kwa usahihi wa takriban milimita 0.013, na vidoti vyake hujazwa kitu chenye uzito uleule. Seti za kawaida za mchezo wa hadithi hazikaribii hapo, wala haihitajiki.

Chuma, rezini, na mti

Dadu za chuma ni nzuri kushika, na mlio wake unamfanya kila mtu anyamaze. Nyingi ni za aloi ya zinki iliyopakwa juu. Hewa yetu ya bahari haipendi vitu vya namna hiyo, rangi ikichubuka kwenye pembe kutu nyeupe inaanza. Zikianguka juu ya meza ya mbao iliyopigwa vanishi zinaacha kovu. Kwa usawa wake sina lalamiko kubwa, lakini siwezi kumshauri mtu anayeanza atumie fedha zake huko.

Za rezini (majimaji yanayoganda yakawa magumu kama plastiki) zilizomiminwa kwa mkono ndizo nzuri kuliko zote kwa macho. Nimeona watu wakitaka za karafuu ndani, na naelewa kwa nini, ni kisiwa kizima ndani ya dadu. Ila karafuu na rezini hazilingani uzito, na karafuu ikikaa upande mmoja basi kitovu cha uzito kimehama. Watengenezaji makini hutumia chungu cha shinikizo ili viputo visinyae visionekane. Kwa mwenye kujaribu nyumbani wakati wa masika, unyevu wa hewa unaweza kuifanya epoksi iwe na ukungu au utando wa kunata. Zawadi nzuri sana, dadu ya kuaminiwa kwa masharti.

Mti: wachongaji wetu wanaweza kukutengenezea dadu ya pande 6 ya mpingo itakayodumu. Lakini mti huvimba na kusinyaa kukata nyuzi kuliko kufuata nyuzi, kwa hivyo mchemraba uliokuwa sawa mwezi wa Januari hautakuwa sawa kabisa mwezi wa Aprili.

Ile inayofanana na ya pande 20 lakini siyo

Hii ndiyo kasoro ninayoiogopa kuliko zote, na haimo ndani ya plastiki. Mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering una dadu ya pande 20 ya kuhesabia uhai. Namba zake zimepangwa kwa kufuatana, 20 imepakana na 19, na 19 na 18, ili mchezaji aishushe hatua kwa hatua. Kwa macho ni ndugu wa ile ya kawaida. Lakini namba kubwa zote zinakaa mtaa mmoja, na ndogo mtaa wa pili. Kinga niliyoisifu juu haipo. Upande wa namba kubwa ukiwa mwepesi kidogo, au mtu akijifunza kuitupa ikiwa imelala vile anavyotaka, matokeo yake ni makubwa mfululizo.

Dadu hizi huja kwetu kwa urahisi, kwa sababu wageni huziacha na watu huzigawa bila ya kujua tofauti. Kabla ya kupokea ya pande 20 ya mtumba, tafuta uso wa 20 na utazame majirani zake. Ukiona 19, ifanye ya kuhesabia, usiirushe.

Nyengine kwa ufupi. Ya pande 4 haibiringiki, itikise ndani ya kikombe. Ya pande 10 si moja katika yale maumbo matano kamilifu ya hisabati, lakini nyuso zake zote ni sawa na hali zake ni sawa, hivyo ni ya haki. Ya pande 100, inayofanana na mpira na ambayo Zocchi huyohuyo aliibuni, iache: hubiringika muda mrefu na nyuso zake hazina hali sawa. Rusha mbili za pande 10, moja ya makumi na moja ya mamoja. Ukihitaji namba 1 hadi 5, gawa ya pande 10 kwa mbili, na nusu ipandishe iwe namba nzima.

Pa kurushia

Dadu nzuri iliyotupwa juu ya mkeka uliofumwa kwa ukili inaweza kusimama kwenye mfumo wa ukili ikiegemea, halafu ndiyo ubishi. Juu ya marumaru inateleza bila ya kugeuka. Sinia iliyotandikwa kitambaa kizito ni nzuri kuliko vyote viwili. Lakini kitu bora tulicho nacho tayari katika barza nyingi ni ubao wa keram: uso mpana, kuta nne za kugonga. Futa poda kwanza, na tieni sharti kwamba dadu isiyogonga ukuta inarushwa tena. Sharti hilo moja linaondoa hila nyingi za mkono kuliko kununua seti ghali.

Kupima mwenyewe

Njia maarufu ni ya maji ya chumvi. Unaielesha dadu, unaigusa izunguke, unatazama namba gani inakuja juu. Ikija ileile kila mara, ndani kuna upande mzito. Maji ya bahari hayatoshi: lita moja ina takriban gramu 35 za chumvi, na dadu ya akriliki, yenye gramu 1.18 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo, inazama. Unahitaji maji yaliyoshiba, takriban gramu 350 kwa lita, mara kumi ya bahari, na hapo inaelea kwa shida. Shira ni bora zaidi: kilo moja na nusu ya sukari kwa lita moja ya maji, ikiwa imepoa, inabeba dadu bila ya mashaka. Chuma haielei humo, usijisumbue.

Tahadhari moja: majini dadu haina rafiki ila uzito wake, hata kiputo kidogo mno kinaigeuza. Mezani kuna msuguano, kugonga na kudunda. Kwa hivyo dadu iliyofeli majini si lazima ifeli mezani, na iliyofaulu majini inaweza kuwa imebonyea. Kipimo hiki hakioni umbo.

Kinachoona yote ni kuirusha na kuandika. Irushe ya pande 20 mara 100. Kila namba inategemewa mara 5. Kwa kila namba, toa 5 kwenye hesabu uliyopata, zidisha jibu kwa lenyewe, gawa kwa 5, halafu jumlisha yote ishirini. Jumla hiyo ndiyo kai-mraba. Ikipita 30.14, ishuku. Kwa ya pande 6, irushe mara 60, tumia 10 badala ya 5, na mpaka wake ni 11.07. Dadu 5 katika kila 100 zilizo halali zitavuka mpaka huo kwa bahati tu, kwa hivyo ukishuku, rudia kabla ya kuhukumu. Na elewa kwamba kurusha mara 100 kunanasa kasoro kubwa tu. Wanafunzi wa skuli wanaosoma takwimu watalipenda zoezi hili kuliko mifano ya vitabuni.

Kabla ya yote hayo, jua bahati halali inavyoonekana. Katika kurusha mara 20, uwezekano wa kutoiona 20 hata mara moja ni asilimia 36. Katika mara 100, namba inayotegemewa mara 5 kuja mara 2 au mara 8 ni jambo la kawaida kabisa. Lawama nyingi nilizosikia juu ya dadu zinaishia hapo.

Vizibo na simu

Mwaka 1979 dadu ziliadimika Marekani kwenyewe, hata seti ya kuanzia ya Dungeons & Dragons ikauzwa na vipande vya karatasi ngumu vyenye namba badala ya dadu. Njia hiyo ni halali kabisa, na kwa Pemba au shamba ambako seti haijafika, ningeanza nayo leo. Vizibo 20 vya soda vya aina moja, namba zimeandikwa ndani kwa kalamu ya wino usiofutika, mfuko mzito usioonyesha. Komwe za bao hazifai, kwa kuwa hazilingani ukubwa na vidole vina akili. Kizibo kikitolewa na kusomwa kirudishwe, mfuko utikiswe. Msipokirudisha mnacheza mchezo mwengine, ambao kila namba inakuja mara moja tu na mwenye kumbukumbu nzuri anajua kilichobaki.

Lipo pia jambo ambalo nyumba nyingi za kwetu zitaliuliza, na lina haki ya kujibiwa kwa heshima. Wapo wanazuoni wanaokataza mchezo wa dadu hata pasipo fedha, kwa hadithi iliyokuja juu ya nardi, mchezo wa kale wa ubao na dadu, na wapo wanaotofautisha baina ya hapo na kamari. Mimi si wa kutoa hukumu. Kundi lenu liwe na sheikh mnayemwamini, mkamwulize mapema, kabla mzee hajakuta dadu ukumbini. Wala sitadai kwamba vizibo vinalimaliza suala: atakayeona tatizo ni bahati yenyewe, umbo la kifaa halitambadilisha.

Programu ya simu ni ya haki kuliko plastiki yoyote uliyo nayo, na haihitaji intaneti kila wakati. Tatizo lake ni kwamba kila mtu anatazama kioo chake, na namba inasomwa na mmoja. Ikiwa mtaitumia, simu iwe moja na ilale katikati, kioo juu.

Na hilo ndilo ninalolisimamia hata kwa dadu. Kila mtu akiwa na seti yake, dadu mbovu inamfaidi au kumdhulumu mmoja, na kundi linaanza kuchunguzana. Ikiwa moja katikati, msimulizi naye akairusha hiyohiyo kwa maadui wake, kasoro yoyote inawapata wote. Kwa kundi la watu watano ningenunua hivi: seti moja ya kung'arishwa yenye namba kubwa zinazosomeka kwa taa ya chemli umeme ukikatika, dadu mbili za pande 20 za kingo kali zilizopita kwenye shira na kwenye kai-mraba, na vizibo 20 kwenye mfuko kwa siku ambayo seti imesahauliwa Wete nanyi mko Chake.